Saa ya ukutani ya babu: je, kweli ilitoka stesheni ya Tanga?

Mjukuu wa Chumbageni

Wazee wangu, shikamooni, na ndugu zangu wote nawasalimu. Nyumbani kwetu Tanga kuna saa ya ukutani yenye kasha la mbao iliyochongwa, ambayo shangazi yangu ameitunza tangu babu alipofariki, na ikitiwa ufunguo hadi leo inagonga. Masimulizi ya ukoo yanasema kwamba ilikuwa imetundikwa katika stesheni ya reli ya Wajerumani, na kwamba mkuu wa stesheni alimpa baba yake babu, aliyekuwa karani wake, siku Mjerumani huyo alipoukimbia mji katika vita vya nyuki vya mwaka 1914, yaani mapigano ya Tanga ambamo nyuki waliwavamia askari. Sasa tunataka kuiandika historia hii, lakini baadhi ya vijana wa ukoo wanadai kuwa ni hadithi ya kutungwa. Kwenye bati la nyuma la mashine nimeona nanga yenye taji juu yake, herufi G na B, maneno "Medaille d'Or", na namba ya tarakimu saba inayoanza na 13. Naomba mnielekeze namna ya kuutafuta ukweli bila kumvunjia heshima shangazi.

Fundi Saa, Ngamiani

Marahaba, mwanangu. Hiyo ni alama ya kiwanda cha Gustav Becker, kilichokuwa Freiburg ya Silesia, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Świebodzice. Becker mwenyewe alifariki mwaka 1885, ila kiwanda kiliendelea kwa jina lake, na namba zake husaidia kukadiria umri: inakubalika kwamba namba ya milioni moja ilifikiwa karibu na mwaka 1892, na milioni moja na nusu karibu na mwaka 1900. Kwa hiyo mashine yenu ni ya miaka ya 1890, wakati uleule reli ilipokuwa ikijengwa kutoka Tanga. Ujenzi ulianza mwaka 1893 na njia ikafika Muheza mwaka 1896. Hapo masimulizi yenu hayajapingwa.

Lakini umri wa mashine si lazima uwe umri wa kasha. Hapa pwani mchwa na hewa ya chumvi haviachi mbao salama, na mafundi waliotutangulia walihamisha mashine nzima kwenye kasha jingine bila kuona ubaya wowote. Fungua mlango wa saa, mulika tochi ndani, utazame matundu ya skrubu zinazoishika mashine. Ukikuta matundu ya zamani yaliyo wazi, yasiyolingana na mashine iliyopo, ujue kwamba viwili hivyo havikuzaliwa pamoja. Tazama pia pembeni mwa bati na nyuma ya mlango, kwa maana fundi aliyemaliza kazi aliweza kukwaruza tarehe au alama yake kwa ncha ya bisibisi. Ndiyo sababu nakusihi usiguse bati hilo kwa msasa wala kwa dawa ya kung'arishia shaba; mkwaruzo mwembamba wa namna hiyo ukifutika haurudi.

Mwalimu Mstaafu, Pangani

Nakubaliana na fundi, nami nitazungumzia ile siku ya kukimbia, kwa sababu hapo ndipo penye ugumu. Katika mapigano ya Novemba 1914 Waingereza, waliokuja na askari wengi kutoka India, ndio walioshindwa na kurudi merikebuni. Tanga ilibaki mikononi mwa Wajerumani hadi Julai 1916. Kama mkuu wa stesheni aliuacha mji moja kwa moja na kugawa vyombo vyake, mwaka 1916 unaelekea zaidi kuliko 1914. Simwiti mtu yeyote mwongo: vita vya nyuki ndivyo vilivyosimuliwa sana, na ni jambo la kawaida kwa tukio dogo la nyumbani kuvutwa hadi kwenye tukio kubwa la mji.

Ipo pia njia nyingine ambayo msiidharau. Baada ya vita serikali ya Kiingereza ilishika mali za Wajerumani na kuziuza, na kuanzia mwaka 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika, wakaja na vyombo vyao. Huenda karani aliyemfahamu mwenye saa aliinunua baadaye, na ukoo ukamkumbuka mwenye saa, ukasahau mnada. Dai la ukarani linaweza kuchunguzwa peke yake: nenda Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zinakohifadhiwa kumbukumbu za utawala wa Kijerumani, ukiwa na jina kamili la babu, jina la baba yake, na kazi aliyoifanya.

Kabla ya yote hayo, mrekodi shangazi. Mwache asimulie mpaka mwisho, usimsahihishe mwaka, kisha umuulize mambo madogo: saa ilitundikwa ukuta upi, nani aliibeba, nani alikuwa akiitia ufunguo.

Mjukuu wa Chumbageni

Ahsanteni sana. Kasha halina matundu ya ziada, na nyuma ya mlango kuna mkwaruzo unaosomeka "1931" pamoja na herufi mbili nisizozitambua. Shangazi nimemrekodi. Amesema kwamba mama yake hakuwahi kutaja nyuki. Alichosimulia ni kwamba Mjerumani aliondoka na mkewe kuelekea bara, na kwamba saa ilifika nyumbani imefungwa ndani ya mkeka. Nyuki, kwa maelezo yake, waliongezwa na babu.

Fundi Saa, Ngamiani

Basi matengenezo ya 1931 yanaonyesha kwamba tayari ilikuwa mikononi mwa fundi mwaka huo, ingawa hayasemi alitumwa na nani. Piga picha ya herufi hizo mbili kwa mwanga wa pembeni, uiweke hapa. Wapo wazee Ngamiani wanaokumbuka alama za mafundi wa zamani.

Mwalimu Mstaafu, Pangani

Katika maandishi yenu, wekeni kauli ya shangazi na kauli ya babu kila moja kwa jina la msemaji wake, msizichanganye. Mke wa Mjerumani na safari ya bara ni mambo ya kutafuta Nyaraka. Anzeni na mwaka 1916.