Vital, Serum au Massive: ipi inatoa besi ya wobo yenye mchanga kwenye laptopu ya GB 8?

kinu_cha_besi
Wakuu, habari za jioni. Nina wiki tatu natafuta besi ya wobo (besi inayotikisika) inayokwaruza, ile inayosikika kama jiwe linaburutwa juu ya bati. Ninachopata ni "wawawa" laini isiyo na meno. Natengeneza dubstep ya BPM 140 (mapigo 140 kwa dakika), natumia Vital ya bure. Nimeweka hela ya kununua sinthi (programu ya kutengeneza sauti) moja tu, na nimebaki kati ya Serum na Massive. Laptopu ina RAM ya GB 8 na haina kadi ya picha ya pembeni. Naomba aliyetumia zote anilinganishie sauti inayotoka, matangazo nimeshayasoma.

FundiSauti
Mkuu, zote tatu nimezifanyia kazi, nianze na ile kongwe.

Massive ya Native Instruments ndiyo ilibeba ngurumo nyingi za dubstep miaka ile ya 2010. Ndani yake kuna weivutebo iitwayo "Modern Talking". (Weivutebo ni rundo la maumbo ya wimbi yaliyopangwa kama kurasa za daftari, LFO, yaani mtikiso wa polepole unaozungusha nobu wenyewe, ikifunua kurasa sauti inabadilika.) Ukizungusha nobu ya kurasa unasikia kabisa a, e, o, kama mtu anafungua mdomo. Ongeza filta yake ya "Scream" na tayari una mnyama. Ila huwezi kuingiza weivutebo zako, na umbo la wimbi hulioni. Unafanya kazi kwa sikio tupu.

Serum ya Steve Duda ilikuja 2014 ikaleta macho. Wimbi unaliona, unalichora, unaburuta LFO hadi kwenye nobu unayotaka basi. Serum 2 ya 2025 imeongeza osileta (chanzo cha wimbi) ya tatu na aina mpya za osileta, na waliokuwa na ya kwanza walipewa bure. Sauti yake ni safi mno, mchanga utautia mwenyewe.

Vital ya Matt Tytel, ya mwaka 2020, inafanya sehemu kubwa ya yale ya Serum. Jambo wengi hawalijui: injini ya toleo la bure na la kulipia ni ileile, tofauti ipo kwenye idadi ya priseti (sauti zilizokwisha pangwa) na weivutebo. Kwa hiyo hela yako iache mfukoni kwanza. Weka hapa mpangilio wako tuuone.

kinu_cha_besi
Asante sana mkuu. Mpangilio: wimbi la msumeno, yunisoni sauti 7, filta ya kupitisha chini (inakata sauti za juu), LFO ya sine kwenye katofu (pale filta inapoanzia kukata) kwa 1/8, mwisho distoshani (efekti ya kukwaruza sauti) imefunguliwa karibu yote.

DadaMikseri
Kaka, tatizo naliona, na ungelibeba hadi Serum lilivyo.

Kwanza hiyo yunisoni. Misumeno saba iliyopishana kidogo inatikisika yenyewe kwa yenyewe, mitikisiko hiyo inafunika ule wa LFO. Shusha ibaki sauti moja, au mbili ukizidi sana.

Pili, na hapa ndipo mchanga ulipo: distoshani imekaa nyuma ya filta. Filta ikifunga inabakiza nota ya msingi na vijisauti vichache juu yake, kwa hiyo distoshani haina cha kutafuna. Ikifungua, inatafuna kila kitu kwa mpigo mmoja, unapata uji. Jaribu kinyume. Kwaruza wimbi kwanza, kisha filta ikate ule ukwaruzo kipande kwa kipande. Kila wobo itakuwa na ukingo. Mimi huweka distoshani kidogo mbele na kidogo nyuma, kamwe sijazi upande mmoja.

Kwenye Vital, filta kuu zinatangulia efekti, lakini kuna filta nyingine ndani ya mnyororo wa efekti. Hiyo ndiyo uiweke nyuma ya distoshani. Serum nayo inayo, na unapanga upya kwa kuburuta. Massive ina efekti mbili za kuchomeka ambazo unaweza kuzitanguliza mbele ya filta kwenye ukurasa wa njia za sauti, na hapo naipa heshima yake.

Tatu, LFO hiyohiyo iendeshe vitu viwili: katofu na kurasa za weivutebo. Filta peke yake inafungua na kufunga mlango tu. Kurasa zikisogea pamoja nayo, kila mlango ukifunguka anatokea mtu mwingine. Halafu osileta ya pili ipandishe oktavu moja, uitumie kuisukuma ya kwanza kwa FM (wimbi moja kutikisa jingine), taratibu, nobu isifike robo. Utasikia changarawe zinaingia.

kinu_cha_besi
Dada, na sub (besi ya chini kabisa) niifanyeje? Ninavyokwaruza ndivyo uzito unavyokimbia.

DadaMikseri
Itenge kabisa. Osileta ya tatu, sine tupu, kwenye Vital ipeleke "Direct Out" ipite nje ya filta na efekti zote. Serum pia ina kitufe cha namna hiyo kwenye sub.

Hili nalisema kwa uchungu. Niliwahi kucheza wimbo wangu kwenye ukumbi mmoja, besi nikiwa nimeipanua kulia na kushoto pamoja na sub yake. Nyumbani kwa hedifoni ilijaa chumba kizima. Pale ukumbini spika zilikuwa mono, kulia na kushoto vimechanganywa kuwa kimoja, pande mbili zikafutana, drop (pale besi inapoangukia) ikashuka na chini hakuna kitu. Watu walisimama wakaangaliana. Tangu siku hiyo sub yangu iko katikati, na kila mradi naukagua kwa mono kabla sijautoa.

Mawimbi_ya_Pwani
Wadau salama? Naheshimu yote hayo, ila mnaisahau FM8, sinthi nyingine ya Native Instruments. Ngurumo ya chuma, ile inayokata kama msumeno wa welda, huipati kirahisi kwa filta. Osileta zinasukumana zenyewe, ukali unazaliwa ndani ya wimbi kabla ya efekti yoyote. Na asiye na hela aangalie Surge XT, ni ya bure na msimbo wake uko wazi tangu 2018. Sura yake haivutii kama Vital, lakini filta zake zina roho.

Kuhusu laptopu: michoro ya Vital inayochezacheza inachosha mashine isiyo na kadi ya picha. Funga dirisha lake ukimaliza kurekebisha. Bora zaidi, rekodi besi iwe faili la sauti, uikate vipande, ugeuze kimoja, upandishe kingine, kisha ukipitishe tena kwenye distoshani. Mashine inapumua na sauti inapata makovu ambayo sinthi haiwezi kukupa kwa mkupuo mmoja.

FundiSauti
Naunga mkono hilo la kurekodi. Nyongeza kuhusu mwendo: kwa BPM 140, LFO ya 1/8 inatikisa mara 4.67 kwa sekunde, tripleti ya 1/8 ni mara 7, na 1/4 ni mara 2.33. Ukibaki kwenye moja tu msikilizaji anazoea baada ya baa mbili. Badilisha mwendo nota kwa nota, na LFO iwe inaanza upya kila nota inapoguswa, la sivyo wobo itaingia kila mara mahali tofauti. Wale vijana wa Croydon, kusini mwa London, walioanzisha muziki huu mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliacha nafasi kubwa kati ya nota. Sikiliza ukimya wao pia.

kinu_cha_besi
Nimekaa nayo tangu juzi usiku. Yunisoni moja, distoshani mbele, filta nyuma, kurasa na katofu kwenye LFO moja, sub imetengwa. Imekwaruza! Hata kwa spika ya simu naisikia inatembea, na zamani kwenye simu ilikuwa inapotea kabisa. Kununua nimeahirisha, Massive nitaijaribu kwa demo kwa ajili ya "Modern Talking" tu.

Limebaki moja. Nota yangu ni F, sub iko kama hezi 44, na kila kiki (ngoma nzito ya chini) ikipiga zinagombana, uzito unapungua badala ya kuongezeka.

DadaMikseri
Kiki yako imetulia kwenye hezi ngapi? Na inachukua muda gani kuisha? Weka picha ya wimbi lake hapa.