Mwenye kisukari anyimwe maharage kwa ajili ya figo?

Ndugu wachangiaji, naleta hoja. Mama yangu, ambaye ana kisukari cha aina ya pili, alirudi kutoka kliniki akiwa na karatasi inayomkataza maharage, mchicha, matembele na ndizi, kwa sababu mkojo wake ulikutwa na protini, dalili kwamba figo zimeanza kuumia. Vyakula hivyo hukatazwa kwa kuwa vina potasiamu nyingi, madini ambayo figo zikichoka hushindwa kuyatoa; lakini potasiamu ya damu yake haikuwa imepimwa. Tangu siku hiyo sahani yake ikabaki na ugali wa sembe na kipande cha kuku, nami nashikilia kwamba katazo la namna hii, likitangulia kipimo, laweza kumdhuru yule yule linayetaka kumlinda.

Sababu iko utumboni. Nyuzinyuzi za maharage na mboga hufika utumbo mpana bila kumeng'enywa, na huko bakteria huzichachusha na kutoa asidi kama butireti, ambayo ni chakula cha ukuta wa utumbo wenyewe na huusaidia kuzuia sumu zisipenye kwenye damu. Nyuzinyuzi zikipungua, bakteria hugeukia protini. Hapo hutoka indoli na kresoli, ambazo mwili huzigeuza kuwa indoksili salfeti na kresili salfeti, na mzigo wa kuzitoa unaziangukia figo zilizokwisha kuchoka. Hata mashine ya kusafisha damu huzitoa kwa shida, kwa kuwa zimeshikamana na albumini, protini iliyomo kwenye damu.

Najua nitajibiwa kwamba potasiamu ikizidi husimamisha moyo. Ni kweli, na mtu ambaye figo zake zimeshuka sana, au anayetumia losartan, dawa ya shinikizo la damu inayoweza kupandisha potasiamu, lazima aangaliwe kwa karibu. Lakini mwongozo wa mwaka 2024 wa KDIGO, shirika la kimataifa linaloandaa miongozo ya magonjwa ya figo, unawashauri wagonjwa wa figo wale vyakula vya mimea zaidi kuliko vya wanyama, na maharage yaliyolowekwa usiku kucha, yakamwagwa maji, kisha yakachemshwa kwa maji mengi ambayo nayo humwagwa, hupoteza sehemu kubwa ya potasiamu yake. Tulipompima mama kwingine, potasiamu ilikuwa 4.4, yaani kiwango cha kawaida kabisa.

Siwaungi mkono hata kidogo wanaouza unga wa komamanga kama tiba ya figo. Urolithini inayosifiwa, kemikali itokanayo na komamanga, hutengenezwa utumboni na bakteria ambao baadhi ya watu hawana, na ushahidi wake kwa figo umetoka zaidi kwa panya. Dawa ni jambo jingine: canagliflozin, dawa ya kisukari, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa kisukari wenye ugonjwa wa figo zaidi ya 4,000, na matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba ilipunguza kasi ya figo kufeli. Mama hajaacha dawa zake, wala asithubutu mtu kumwachisha.

Ninyi mnaohudumu kliniki, naomba mnijibu: kwenye karatasi mnazowapa wagonjwa, ipo nafasi ya kuandika potasiamu yao kabla ya orodha ya vyakula vilivyokatazwa?