Naomba ushauri: mradi wa taka chuoni Tanga, wanafunzi wanakuja siku ya fulana tu

Mleta mada
Habari za jioni wakuu. Nasimamia klabu ya mazingira kwenye chuo kimoja hapa Tanga mjini. Wanafunzi ni kama 1,200, nusu wanalala hosteli. Siku ya uzinduzi tunagawa fulana, tunapata watu 150, tunaokota taka ufukweni Raskazone, tunapiga picha. Wiki ya tatu wamebaki 6. Muhula huu tunataka kutenganisha chupa za plastiki na kutengeneza mboji ya mabaki ya kafeteria. Tuanzie wapi? Bajeti ndogo, gari hatuna.

Mwarobaini
Mkuu, idadi isikutishe. Kazi yenyewe inataka watu 12 wa zamu, wawili kila siku kwa siku 6, nusu saa tu. Waliobaki wanatakiwa wafanye jambo moja: kukung'utia sahani kwenye ndoo inayohusika. Ukiwaita watu 150 halafu huna cha kuwapa mkononi, wataondoka, na wana haki.

Kabla ya kununua chochote, pimeni Jumatatu hadi Ijumaa. Mizani ya kuning'iniza na ndoo 3 za lita 20: mabaki ya chakula, chupa, mengineyo. Mhadhiri wa takwimu akikubali liwe zoezi la darasa lenye alama, mmepata wapimaji wasiohitaji kubembelezwa. Msipime wiki bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) limeingia. Soda zinanyweka kuliko kawaida na hesabu itawapotosha.

Ndoo zikae pale sahani zinaporudishwa, siyo mlangoni. Mtu akishaiacha sahani harudi nyuma. Wiki 2 za mwanzo mwenye zamu asimame hapo saa 7 hadi saa 8 na nusu mchana, aoneshe kwa mkono. Anayewahi kipindi hasomi bango.

Na Raskazone mkienda nendeni, lakini maji ya bamvua (bahari ikijaa sana) yatazirudisha taka zile zile. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tayari ni siku ya usafi kitaifa. Itumieni kugeuza mboji, msibuni siku nyingine.

Bi Mkunazi
Naomba nikae kwenye mboji, maana ikianza kunuka uongozi utaifunga ndani ya siku moja na hamtapewa nafasi ya pili.

Jengeni masanduku 4 ya mbao za paleti, kila moja mita 1 kwa 1 kwa 1. Chini ya hapo lundo halishiki joto. Sanduku hilo ni lita 1,000, yaani ndoo 50. Ndoo 1 ya mabaki, ndoo 2 hadi 3 za majani makavu, kila siku, na tabaka la juu kabisa liwe majani. Kwa hiyo kitu cha kwanza ni kuzungumza kwa heshima na mzee wa bustani aache kuchoma majani ya mwembe na mkungu. Hayo ndiyo yatakayopungua, siyo mabaki. Yawekeni kwenye viroba mapema, kabla ya masika.

Bonge la ugali livunjwe. Likiingia zima linachacha katikati. Mifupa, mafuta ya kukaangia na vichwa vya samaki visiingie, kunguru wa hapa mnawajua. Vifuu navyo viacheni, haviozi upesi.

Kupima joto chomekeni nondo hadi katikati, subirini dakika 10, chomoeni. Mkono ukishindwa kuishika, lundo linafanya kazi. Ikiwa vuguvugu, geuzeni. Kawaida geuzeni kila baada ya siku 7. Harufu ya mayai viza maana yake maji mengi na hewa hakuna: geuzeni, ongezeni majani. Harufu kali ya mkojo ni mabaki yamezidi majani. Mkikamua mboji kiganjani yatoke matone mawili matatu, basi. Mvua ikianza, ezekeni kwa makuti. Yanamwaga maji na kupitisha hewa. Turubai linalobana lundo linalichachusha.

Guta la Makorora
Chupa: vizibo vitolewe, mabaki ya soda yamwagwe, zikanyagwe. Za nusu lita inachukua kati ya 50 na 100 kufikia kilo, hivyo msimwite mnunuzi kwa kiroba kimoja. Pesa itakayopatikana andikeni ubaoni kafeteria siku hiyo hiyo, kilo na shilingi. Klabu nyingi zinafia kwenye "hela ya chupa ilienda wapi".

Mleta mada
Ahsanteni sana, Bi Mkunazi shikamoo. Swali moja: Julai wengi wakienda fildi (mafunzo kwa vitendo), lundo nani analiangalia?

Bi Mkunazi
Marahaba. Wiki 2 kabla ya mitihani acheni kupokea mabaki. Geuzeni mara ya mwisho, funikeni kwa majani sentimita 10 na makuti. Lundo litapoa na kuiva lenyewe, kazi ya mzee wa bustani iwe kumwagia maji likikauka tu.

Mwarobaini
Viongozi wa zamu chagueni mwaka wa kwanza na wa pili, msichague wa mwisho. Wakati wa kufunga, vifaa vikabidhiwe bustani kwa karatasi yenye saini na idadi: chepe 2, reki 1, ndoo 3, mizani 1, nondo 1.