Naomba ushauri: herufi nzito za Kigothi kwenye cheti cha kwaya

Ndugu wadau, ninatengeneza vyeti vya kwaya yetu, na viongozi wameomba kichwa kiandikwe kwa herufi nzito za Kigothi, zile zenye pembe kali kama za Biblia aliyochapa mchapaji Gutenberg kule Mainz, Ujerumani, mnamo mwaka 1455. Nami nazipenda kwa dhati, kwa kuwa weusi wake huipa karatasi heshima ambayo fonti za kawaida hazina.

Shida imejitokeza kwenye neno "muumini". Herufi zake zote zimejengwa kwa vijiti vya wima vinavyofanana, hivyo m, u, n na i zimesimama kama uzio, na mzee wetu mmoja amelirudia mara tatu bila kulisoma. Kwa herufi kubwa tupu hali ni mbaya zaidi, maana mapambo yake yanagongana. Nimejaribu Fraktur, aina nyingine ya herufi za Kigothi, lakini k yake inakaribia mno kufanana na t, na Kiswahili kimejaa k.

Je, nipanue nafasi kati ya herufi, ingawa nahofia kuvunja ule msongamano unaoupa mwandiko huu uzuri wake, au Kigothi kibaki kwenye jina la kwaya pekee? Na maandishi ya chini yaendane na fonti gani?