Mjadala: Klabu ikimwachia mrushaji wake bora mwaka mmoja kabla ya mkataba kuisha, imefanya busara au imewageuka mashabiki?

Mleta mada:

Ndugu wasomaji, kila mwaka, tangu fainali za World Series zinapokwisha hadi wachezaji wanaporudi mazoezini mwezi Februari, wafuatiliaji wa besiboli ya Marekani hugawanyika juu ya jambo lile lile. Klabu ina mrushaji hodari, yaani yule anayemrushia mpigaji mpira, mkataba wake umebakiza msimu mmoja, na haina ubavu wa kumlipa atakachodai akishakuwa huru. Je, imwachie mapema kwa kubadilishana na vijana wa klabu nyingine, au ikae naye hadi siku ya mwisho, kisha imtazame akiondoka? Kati ya msimu wa 2025 na ule wa 2026 jina lililozungumzwa kuliko yote lilikuwa la Tarik Skubal wa Detroit, aliyetwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa mwaka, mwaka 2024 na akairudia mwaka 2025, na ambaye uhuru wake unaanza msimu wa 2026 ukimalizika.

Kwa aliyezoea usajili wa soka, kwanza aelewe kwamba huku hakuna ada ya uhamisho. Mwaka 1976 mmiliki wa Oakland, Charlie Finley, alijaribu kumuuza mrushaji Vida Blue kwa Yankees kwa dola milioni 1.5, na wenzake wawili, Rollie Fingers na Joe Rudi, kwa Boston kwa dola milioni moja kila mmoja. Kamishna wa ligi, Bowie Kuhn, akaifuta biashara yote. Tangu hapo mchezaji mkubwa hauzwi kwa fedha taslimu. Hubadilishwa kwa wachezaji wenzake, na mara nyingi ni vijana ambao bado hawajacheza hata mchezo mmoja wa ligi kuu. Klabu inayomwachia nyota haipati hundi, inapata matumaini, na hapo ndipo ugomvi na mashabiki unapoanzia.

Mimi nasema aachiwe, na mfano wangu ni Milwaukee na Corbin Burnes. Burnes alishinda Cy Young mwaka 2021. Mapema mwaka 2023 yeye na klabu walifikishana mbele ya wasuluhishi, wanaoamua mshahara pande mbili zisipoafikiana: yeye alitaka dola milioni 10.75, klabu ikasema milioni 10.01. Kwa tofauti isiyofika hata dola laki nane, mchezaji aliketi chumbani akisikiliza wawakilishi wa mwajiri wake wakieleza kwa nini hastahili kiasi anachodai, na baadaye akasema waziwazi kwamba uhusiano wao ulikuwa umeharibika. Klabu ikashinda shauri. Februari 2024 ikampeleka Baltimore, ikapewa Joey Ortiz, DL Hall na nafasi ya kuchagua kijana katika mgao wa wachezaji wapya. Wengi walidhani Milwaukee imejivua nguo hadharani, lakini mwaka huo huo iliongoza kundi lake kwa ushindi 93, Ortiz akiwa mchezaji wa kila siku, na mwaka 2025 ilishinda michezo 97, kuliko klabu nyingine yoyote ya ligi nzima.

Baltimore nao walipata walichokifuata. Tarehe 1 Oktoba 2024, katika mchezo wa kwanza wa mtoano dhidi ya Kansas City, Burnes alirusha zamu nane na ushei, katika mchezo wa zamu tisa, akaruhusu bao moja tu. Wapigaji wenzake hawakufunga hata moja. Wakafungwa 1-0 nyumbani, kesho yake wakafungwa tena, na miezi mitatu haijapita Burnes akasaini Arizona miaka sita kwa dola milioni 210. Juni 2025, katika mchezo wake wa 11 na klabu hiyo mpya, alirusha mpira dhidi ya Washington kisha akageukia benchi kuomba msaada. Kiwiko kilikuwa kimekwisha. Akafanyiwa upasuaji wa kano unaoitwa kwa jina la Tommy John, mrushaji wa kwanza kufanyiwa, mwaka 1974.

Hapo ndipo lilipo neno langu hasa. Mkono wa mrushaji si mali ya kudumu. Stephen Strasburg, mwaka 2019, alirusha zamu 209 za msimu wa kawaida na nyingine 36 na ushei katika mtoano, jumla 245, akaipa Washington ubingwa na yeye akawa mchezaji bora wa fainali. Klabu ikampa miaka saba kwa dola milioni 245, kana kwamba ilikuwa inamlipa milioni moja kwa kila zamu iliyokwishapita. Baada ya kusaini alicheza michezo minane, zamu 31 na ushei, kisha mwili ukakataa. Jacob deGrom alisajiliwa na Texas Desemba 2022 kwa dola milioni 185, akaanza michezo sita msimu uliofuata, naye akaishia kwenye meza ya upasuaji, ingawa haki isemwe kwamba mwaka 2025 alirudi na akarusha msimu mzima vizuri.

Hawa wote walilipwa fedha kubwa walipokuwa na umri wa miaka 30 na kuendelea, kwa sababu kanuni inamfunga mchezaji kwa klabu yake hadi atimize miaka sita ya utumishi ligi kuu. Miaka mitatu ya mwanzo hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Mitatu inayofuata ndiyo ya wasuluhishi. Mrushaji anauza bei ya chini mkono ukiwa mzima, halafu anauza bei ya juu mkono ukiwa umeshachakaa. Klabu inayomwachia katika mwaka wa tano inafanya hesabu sahihi ndani ya kanuni mbovu. Mimi ningeipunguza miaka hiyo sita iwe minne. Ningependa kusikia wasioafiki.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, umechagua mfano unaokupendelea. Mbona hukumtaja Blake Snell? Oktoba 2020 Tampa Bay walimtoa uwanjani katika mchezo wa sita wa fainali, baada ya mipira 73 tu, alipokuwa anawanyamazisha Dodgers wa Los Angeles. Wakapoteza mchezo na ubingwa. Miezi miwili baadaye wakampeleka San Diego kwa kubadilishana na wachezaji wanne wakiongozwa na Luis Patiño na Francisco Mejía. Hakuna kati ya wanne hao aliyekuwa nguzo ya Tampa Bay. Snell akashinda Cy Young akiwa San Diego mwaka 2023, na Novemba 2024 hao hao Dodgers wakamsajili kwa dola milioni 182. Kwa hiyo busara unayoisifia ni kamari kama kamari nyingine, isipokuwa kwamba anayepoteza ni shabiki aliyenunua jezi yenye jina la mtu.

Pili, maneno haya ya "haina ubavu wa kumlipa" yanapokelewa kirahisi mno. Wamiliki wa klabu hizi ni mabilionea, na vitabu vyao vya hesabu wengi wao hawamfungulii mtu. Boston walipomchukua mrushaji Garrett Crochet kutoka White Sox wa Chicago Desemba 2024 kwa vijana wanne, alikuwa amebakiza misimu miwili. Msimu ulipoanza wakamwongezea miaka sita kwa dola milioni 170, akiwa bado na miaka 25, naye akaongoza ligi yake mwaka huo kwa kuwatoa wapigaji 255 kwa strikeout, yaani mpigaji kuhesabiwa makosa matatu. White Sox, waliotoka kupoteza michezo 121 katika msimu mmoja, wangeweza kumpa mkataba huo huo wao wenyewe. Hawakukosa kanuni, walikosa nia.

Mchangiaji wa pili:

Naandika nikiwa Kampala, ambako mchezo huu si mgeni kama wengi wanavyodhani: vijana wa Lugazi walifika Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza Little League World Series, mashindano ya dunia ya watoto. Swali langu ni fupi. Mkipunguza miaka sita iwe minne, nani atahangaika kumlea kijana? Klabu humchukua mtoto akiwa na miaka 17 au 18, humlisha, humfundisha, hungoja mkono ukomae miaka minne au mitano katika ligi ndogo, na wengi hawafiki popote. Klabu tajiri itasubiri mwenzake apande, yenyewe ivune.

Mleta mada:

Nawashukuru wote wawili. Kuhusu Snell nimeshikwa, sina la kujitetea. Biashara ile Tampa Bay waliumia. Kuhusu Crochet, nakubali kwamba White Sox wangeweza, lakini tazama umri wake uliouandika mwenyewe. Mkataba ule una mantiki kwa sababu alisaini akiwa na miaka 25, si 31. Hapo, bila kukusudia, umenisaidia.

Na aliyeuliza nani atamlea kijana, jibu lake lipo tayari, na limetoka Japani. Yoshinobu Yamamoto aliingia sokoni akiwa na miaka 25, kwa kuwa klabu yake ya Orix ilimruhusu. Dodgers wakampa miaka 12 kwa dola milioni 325 kabla hajarusha mpira hata mmoja katika ligi ya Marekani, na juu ya hiyo Orix, waliomlea, wakapata zaidi ya dola milioni 50. Wengi walicheka. Katika fainali za 2025 dhidi ya Toronto alishinda mchezo wa pili akiumaliza peke yake, akashinda wa sita kwa mipira 96, na usiku uliofuata, wakati mrushaji wa kawaida angekuwa amefunga barafu begani, akaingia tena katika mchezo wa saba na kuufikisha hadi zamu ya 11 na ubingwa. Huo ndio mkono uliolipwa ungali na nguvu, na aliyeulea akapata fidia yake.

Tofauti yake ni Roki Sasaki, aliyekuja kwa Dodgers hao hao Januari 2025 akiwa na miaka 23. Kwa kuwa hakuwa amefikisha 25, kanuni ilimhesabu kama kijana asiye na uzoefu, akapewa dola milioni 6.5, na klabu yake ya Chiba Lotte ikaambulia, juu ya hizo, robo tu ya kiasi hicho. Miaka miwili tu ya umri, na tofauti ya mamia ya milioni.

Mkataba kati ya wachezaji na wamiliki unaisha tarehe 1 Desemba 2026. Wapo wamiliki wanaotaka kuweka kikomo cha mishahara ya kila klabu, na sijasikia wakizungumzia kwa bidii ile ile miaka sita ya kufungwa. Narudia kupendekeza minne, pamoja na fidia kwa klabu iliyolea, kama waliyopata Orix. Mchangiaji wa kwanza, wewe ungeweka mingapi?