Nta ya mshumaa inageuka gesi na masizi kwenye riakta, nakosea wapi?

mtaalamu_mtarajiwa (Kisumu)
Wadau, hamjambo. Nafanya uzamili wa kemia, kazi yangu ni kuvunja hidrokaboni nzito (minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni) kwa haidrojeni hadi zifikie saizi ya dizeli. Mafuta mazito sikupata, basi nikanunua mishumaa soko la Kibuye, nikatoa tambi, nikayeyusha. Riakta yangu ni chungu cha chuma, mililita 100, ya kukazwa kwa bolti. Naweka nta gramu 30 na kichocheo cha nikeli juu ya zeolaiti (madini yenye vitundu vidogo na asidi), najaza haidrojeni baa 20 (za presha, si zile za Kondele), kisha napasha hadi nyuzi 450 kwa saa moja. Nikifungua nakuta kioevu kiduchu, kichocheo kimeganda masizi, na gesi ni methani tele. Msimamizi anasema "rudia". Nimerudia mara tatu. Presha ikiwa moto inapita 50, kwa hiyo haidrojeni si tatizo. Ama?

Mama Geji (Nakuru)
Pole mwanangu, ila haidrojeni ndiyo tatizo. Baa 20 za baridi zikipashwa hadi 450 zinakuwa kama 48 bila wewe kuongeza hata chembe. Geji inakudanganya, joto ndilo linalosukuma. Sasa piga hesabu. Nta yenye kaboni 25 hivi kwenye mnyororo ni gramu 352 kwa moli (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli), kwa hiyo gramu 30 ni moli 0.085. Nafasi iliyobaki juu ya nta, kama mililita 65, inabeba haidrojeni moli 0.05 tu. Kila mkato wa mnyororo unakula molekuli moja ya haidrojeni. Haitoshi hata kukata kila mnyororo mara moja! Vipande vinavyokosa haidrojeni vinashikana vyenyewe, na hayo ndiyo masizi yako.
Weka nta gramu 5, haidrojeni baa 60 za baridi, moto 350 hivi.

zeolaiti_Y
Mama amemaliza upande wa haidrojeni. Mimi niseme kuhusu methani. Kazi ikienda sawa, metali (hapa nikeli) huondoa atomi mbili za haidrojeni kwenye mnyororo, asidi ya zeolaiti inaupa protoni, mnyororo unajipanga upya na kuota matawi, kisha unakatika, mara nyingi sehemu za katikati. Vipande hurudi kwa metali kujazwa haidrojeni. Asidi haipendi kukata ncha, kwa hiyo methani huwa haba. Yako imetoka kwingine: ama joto, maana 450 huvunja nta hata bila kichocheo, ama nikeli yenyewe, ambayo hunyofoa ncha kaboni moja moja kama mtu anayepukuchua mahindi. Tazama ethani na ethilini, gesi za kaboni mbili. Zikiwa nyingi pamoja na methani, shuku joto. Methani ikiwa peke yake, shuku nikeli. Na ufanye jaribio moja bila kichocheo, tafadhali. Watu wanaliruka kila siku.

fundi_valvu
Kabla ya hizo baa 60: zikifika 350 zitakuwa kama 125. Soma kibati cha riakta kinaruhusu ngapi. Jaza naitrojeni kwanza kupima kama inavuja, paka maji ya sabuni kwenye viungo, subiri uone kama kuna povu. Moto wa haidrojeni mchana hauonekani, usiutafute kwa macho.

mtaalamu_mtarajiwa
Nimerudi. Kibati kinasema 200. Stima ilipotea mara moja nikaanza upya, lakini majaribio mawili yamekamilika, yote kwa 350. Bila kichocheo nta imetoka karibu vilevile ilivyoingia, imeganda na umbo la riakta kama keki. Pamoja na kichocheo nimepata kioevu kinachonukia mafuta ya taa, masizi hakuna. Ila methani bado ipo, na ethani ni kidogo sana.

zeolaiti_Y
Basi ni nikeli. Itie salfa kidogo kabla ya kuanza, itulie. Au omba platini, ukiwa na msimamizi mkarimu.

mtaalamu_mtarajiwa
Salfa basi 😅

fundi_valvu
Ndani ya kofia ya kuvutia hewa! Gesi ya salfa na haidrojeni inanuka mayai viza mwanzoni, halafu pua inazoea huku bado ipo.