Mamangu ameandikiwa sisti ya figo "Bosniak IIF", tumeambiwa turudi baada ya miezi 6. Tungoje kweli?

BintiMajengo

Assalam aleikum jamaa. Naandika usiku huu kwa sababu nyumbani hatuelewani.

Mamangu ana miaka 64, ana sukari, na magoti yanamsumbua. Mwezi uliopita alipigwa ultrasaundi kutafuta vijiwe vya nyongo. Vijiwe havikuonekana, ila figo ya kushoto ikaonekana ina kifuko cha maji cha sentimita 4.3. Tukatumwa picha ya CT. Ripoti inasema sisti ina kuta nyembamba kadhaa zilizoigawa ndani, na chokaa kidogo ukutani. Chini pameandikwa Bosniak IIF. Daktari akasema, "Hatukati, hatutoboi. Mrudisheni baada ya miezi sita." Hata dakika tano hazikufika, tukawa nje.

Kakangu aliye Doha ataka tuuze kiwanja cha Mtwapa tumpeleke India. Khalati yeye amekwisha leta majani ya mwarubaini, eti tuchemshe. Mwenyewe mamangu hasemi neno. Jana nimemkuta jikoni amekaa juu ya mbuzi, nusu ya nazi mkononi, mkono wa pili ameshika kiuno cha kushoto. Nikamuuliza, "Mama, chauma?" Akasema, "Hakiumi. Nakisikiliza tu."

Nisaidieni. Huku kungoja ni tiba, au tumeachwa? Na kwa nini wasiyafyonze hayo maji kwa sindano yakaisha?

Nahodha_Mstaafu

Waaleikum salaam binti yangu. Umeniliza na hiyo ya kusikiliza, maana nami nilikuwa hivyo. Usiku nalala na kiganja ubavuni kama anayengoja kitu kibishe hodi.

Mimi niliandikiwa hiyohiyo IIF, figo ya kulia, nikiwa bado naendesha tagi, ile boti ya kuvuta meli, pale Kilindini. Mwaka huu nimemaliza miaka 5 ya kufuatilia. Haikubadilika. Basi nisikilize.

Bosniak ni jina la daktari wa picha wa Marekani aliyeupanga utaratibu huu mwaka 1986, na mwaka 2019 ukarekebishwa. Namba zapanda kwa kadiri ya wasiwasi. I ni maji matupu, na watu wazima wengi tunatembea nazo bila kujua. II ina nyuzi chache nyembamba. III kuta zake ni nene au hazikunyooka, na zinang'aa baada ya ile dawa ya mshipani unayodungwa wakati wa picha, maana yake zina damu inayopita. Karibu nusu ya hizo huwa saratani. IV ina kinyama ndani kinachong'aa, na nyingi ni saratani. Mamako yuko katikati ya II na III. Hiyo F ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la kufuatilia. Kwa hiyo daktari hakuwaacha. Alichokosea ni kutowaeleza, na hilo nami limenikera.

Desturi ni picha baada ya miezi 6, nyingine ukitimia mwaka, kisha kila mwaka mpaka itimie miaka 5. IIF nyingi hukaa vilevile. Na kinachotazamwa si ukubwa tu. Sisti yaweza kuongezeka milimita kadhaa na isiwe neno. Wanachotafuta ni ukuta ulionenepa, kinyama kilichoota, au sehemu iliyoanza kung'aa.

Sasa hapa ndipo nilipoumia. Mwaka wa pili nilikwenda kituo kingine kwa sababu ya bei. Wakanipiga picha bila dawa ya mshipani, na mimi CD yenye picha za zamani nimeiacha nyumbani. Ripoti ikaja: imekua kutoka 3.8 hadi 4.2, haiwezi kulinganishwa. Wiki tatu mke wangu hali chakula. Daktari wangu alipoletewa CD zote mbili akazirudia mwenyewe, akaagiza nyingine yenye dawa, ikatoka 3.9. Wale walikuwa wamepima upande mwingine wa kifuko. Tangu siku ile CD zangu ziko kwenye mkebe wa biskuti, kila moja na tarehe juu kwa kalamu ya wino mzito, na naziingiza zote kila niendapo. Karatasi ya ripoti pekee haitoshi. Anayesoma picha anataka kuona ya jana na ya leo bega kwa bega.

Kuhusu sindano: sisti ya maji matupu ikiwa kubwa na inauma huweza kufyonzwa, na mara nyingi hujaa tena. Yenye kuta ndani haichezewi hivyo, kwa sababu kama kuna chembe mbaya hutaki zimwagike. Kiwanja kiacheni kwanza.

MamaRayyan_Kisauni

Mimi ni muuguzi, naongeza mambo ya sukari. Kabla ya CT yenye dawa apimwe kreatinini, kipimo cha damu cha kuona figo zinavyofanya kazi, na mtaje wazi kama anatumia metformin, ile dawa ya sukari, wao watawaambia kama aisimamishe. MRI, picha ya sumaku, nayo yafaa kufuatilia, haina mionzi, ila ni ghali. Dadangu, kwa hayo magoti anameza nini? Kama ni diklofenaki, zile dawa za maumivu za dukani, kila siku, hizo ndizo zitakazoidhuru figo yake kabla ya sisti. Na mwarubaini mwambie khalati kwa upole hapana, figo ndiyo itakayobeba kazi ya kuuchuja.

Akiona damu kwenye mkojo, au homa pamoja na maumivu ya ubavu, msingoje miezi sita.

Likoni_Baba3

Nisiwafiche upande wa pili. Mke wangu alianza IIF. Picha ya tatu ukuta ulikuwa umenenepa na unang'aa, wakaipandisha III. Wakakata kipande chenye sisti, figo iliyobaki inafanya kazi. Maabara ikasema ni saratani, imetoka yote. Hakuhitaji dawa nyingine, anafuatiliwa tu. Tungekosa ile picha ya tatu tusingejua, na siku ile kivuko kilikuwa kimejaa, nusura turudi nyumbani.

BintiMajengo

Shikamoo mzee wangu, na shukran nyote. Nimemsomea mamangu yote mpaka mwisho. Diklofenaki ni kweli, nimezikuta kwenye mkoba wake, vibao viwili. Kakangu amekubali tungoje picha ya pili. CD yetu ilikuwa chini ya godoro, imekwaruzika kidogo. Itasomeka?

Nahodha_Mstaafu

Marahaba. Kesho asubuhi irudishe palepale ilipopigwa, waombe wakutolee nakala kabla hawajaifuta kwenye kompyuta yao. Chukua mbili.

BintiMajengo

Nitakwenda kabla ya saa tatu. Mkebe mamangu amekwisha nipa, ule aliokuwa akiwekea nyuzi za kushonea kofia.